Boti Yako Inakula Petroli Kiasi Gani, na kwa Mwendo Upi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wenye boti za injini za nje katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria upande wa Kenya: wanaobeba watalii Dunga, wanaosafirisha abiria kutoka Mbita kwenda Mfangano, wavuvi wa omena na mbuta, na wenye boti ndogo za kukodisha. Wa Naivasha nao wana jibu lao humu, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi kuliko Kisumu na injini hulisikia hilo. Bei mpya ya petroli hutangazwa tarehe 14 kila mwezi, na kila inapopanda maswali ni yale yale.

Nipime lita kwa saa au kilomita kwa lita?

Pima zote mbili, lakini uamue kwa kilomita kwa lita. Lita kwa saa hukuambia injini inakula kiasi gani. Haikuambii umefika wapi. Injini inayokula lita 6 kwa saa huku boti ikijikokota inaweza kukumalizia pesa kuliko inayokula lita 12 ikiwa inakwenda mbio. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu: chukua kasi yako (kilomita kwa saa), igawe kwa lita zinazoliwa kwa saa. Kasi ya 24 na ulaji wa lita 10 ni kilomita 2.4 kwa lita.

Lita kwa saa ina kazi yake pale unapokaa majini bila safari ya kupimika, kwa mfano ukiwazungusha wageni taratibu kutazama ndege na viboko, au ukingojea nyavu injini ikinguruma. Hapo kinachouzwa ni muda, si umbali.

Si nikienda polepole ndivyo ninavyookoa mafuta?

Ukienda polepole kweli kweli, ndiyo. Ukienda nusu nusu, hapana, na hapa ndipo pesa nyingi za ziwani zinapopotelea.

Boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa ina hali tatu. Kwanza inaelea na kusukuma maji kando, imelala sawa, mawimbi ya nyuma ni madogo. Ukiongeza mafuta, pua inanyanyuka, nyuma inazama, na boti inakuwa kama inapanda mlima ambao yenyewe imeutengeneza. Ukiongeza tena, inaupita ule mlima, pua inashuka, na sasa inateleza juu ya maji. Hali ya katikati ndiyo mbaya. Injini inafanya kazi ngumu, abiria wa mbele hawaoni waendako, nyuma kuna wimbi kubwa linalowatikisa wenye mitumbwi, na kasi yenyewe ni ya kuaibisha.

Tazama mfano huu wa boti ya faiba ya mita 7, injini ya stroke mbili (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli) ya hp 40, yaani nguvu ya farasi 40, watu watano. Namba ni za kufundishia tu. Zako zitatofautiana, lakini umbo lake utaliona hata kwako.

Mizunguko 2,000 kwa dakika: kasi 9 km/saa, lita 3 kwa saa, yaani km 3.0 kwa lita
Mizunguko 3,000: kasi 12, lita 6, km 2.0 kwa lita
Mizunguko 3,500: kasi 16, lita 9, km 1.8 kwa lita
Mizunguko 4,000: kasi 25, lita 10.5, km 2.4 kwa lita
Mizunguko 4,500: kasi 31, lita 12.5, km 2.5 kwa lita
Mizunguko 5,300, mafuta yamefunguliwa yote: kasi 37, lita 17, km 2.2 kwa lita

Sasa ipeleke boti hiyo Kendu Bay kutoka Kisumu, kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Kwa mizunguko 2,000 utatumia lita 10 na saa tatu na dakika ishirini. Kwa 4,500 utatumia lita 12 na ushei, na utafika kabla saa haijaisha. Kwa 3,500, ule mwendo ambao nahodha wengi huuita "wa kiasi", utatumia karibu lita 17 na utakaa majini muda unaokaribia saa mbili. Yaani umemaliza petroli nyingi kuliko aliyefungua yote, na yeye ameshafika, ameshakula samaki.

Kwa hiyo ukiwa na boti ya namna hii, chagua upande: ama utulie chini kabisa, ama uipandishe ikae sawa kisha upunguze mafuta kidogo kidogo mpaka mahali ambapo ukipunguza tena pua inaanza kunyanyuka. Juu kidogo ya mahali hapo ndipo mwendo wako wa kazi.

Boti yangu ni ya mbao, ndefu na nzito. Haipandi juu ya maji hata nikifungua yote. Hayo yananihusu?

Yanakuhusu kwa njia nyingine, na kwako mambo ni rahisi zaidi. Boti ndefu ya mbao yenye mkuku, aina ya Sesse, ikiwa na injini ya hp 15 au 25, huishi katika hali ya kwanza tu. Ina dari yake ya kasi, na dari hiyo inatokana na urefu wa sehemu inayogusa maji. Chukua urefu huo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, jibu ni kilomita kwa saa. Mita 9 kipeuo chake ni 3, kwa hiyo dari ni kama 13.5.

Ukiikaribia dari hiyo, petroli inaliwa kwa fujo bila faida. Nguvu inayotakiwa hupanda takriban kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Ukishusha mwendo kutoka 13 hadi 11, unachelewa kama dakika kumi na moja kwa kila saa lakini unaokoa kwa kila kilomita zaidi ya robo ya mafuta. Mvuvi anayetoka kila siku hahitaji kuelezwa robo ni nini mwisho wa mwezi.

Kununua injini kubwa zaidi kwa boti ya namna hii ni kupoteza pesa mara mbili, siku ya kununua na kila siku ya kuwasha. Wanaouza injini hawatakuambia hivyo.

Ninahitaji vifaa gani kuanza?

Simu yenye GPS, tangi dogo la akiba la lita 10 lenye mpira na kiungio kinachoingia kwenye injini yako, mizani au jagi la kupimia, saa, daftari na kalamu ya risasi (ya wino hutawanyika ikilowa). Programu ya kuonyesha kasi kwa GPS hufanya kazi kwa setilaiti, kwa hiyo hata bando likiisha katikati ya ghuba kasi utaiona. Iweke ionyeshe kilomita kwa saa. Ikionyesha noti (knots, kipimo cha kasi cha mabaharia), zidisha kwa 1.852.

Takometa, ile saa ya mizunguko, inasaidia sana. Ukiwa huna, soma swali la takometa hapa chini.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Nenda asubuhi maji yakiwa yametulia. Pakia uzito ule ule unaobeba siku ya kazi. Ukipima boti tupu utapata majibu ya boti tupu. Kausha maji ya ndani kwanza. Pasha injini moto kwa tangi la kawaida, kisha zima, unganisha tangi dogo ambalo umelipima uzito, bana mpira wa kusukumia mafuta mpaka uwe mgumu, washa.

Peleka injini kwenye mizunguko unayotaka, sema 4,500, na usiiguse tena. Elekea upande mmoja dakika kumi kamili, ukiandika kasi kila dakika mbili. Geuka, rudi dakika kumi kwa mizunguko ile ile. Zima. Bana mpira tena ili kabureta (kile kichanganyio cha petroli na hewa) ijae kama ilivyokuwa mwanzo. Pima tangi.

Tuseme tangi lilikuwa kilo 9.60 na sasa ni kilo 6.52. Tofauti ni kilo 3.08. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.74, kwa hiyo 3.08 gawa kwa 0.74 ni lita 4.16. Hizo ni za dakika ishirini; zidisha kwa tatu upate lita 12.5 kwa saa. Kwenda kasi ilikuwa 33, kurudi 29, wastani 31. Gawanya: kilomita 2.48 kwa lita. Umemaliza mstari mmoja wa daftari. Rudia kwa 2,000, 3,000, 3,500, 4,000 na mwisho kabisa. Si lazima yote siku moja, ila mzigo na hali ya hewa vifanane.

Dakika kumi si za urembo. Ukipima kwa dakika mbili utakuwa umekula mafuta kidogo kiasi kwamba mmwagiko wa kijiko kimoja unaharibu hesabu yote. Kosa la mililita 50 kwenye lita moja ni asilimia 5. Kwenye lita nne ni kama asilimia 1.

Mtu wa pili ni wa lazima. Mmoja anaendesha na kutazama mbele, mwingine anaandika. Jaketi za kuokolea mwilini, si chini ya benchi. Na hakuna sigara karibu na tangi. Petroli ikimwagika ndani ya boti, mvuke wake hushuka na kukaa chini kwenye maji ya ndani ukingoja cheche.

Mizani gani? Nitumie ile ya kupimia samaki?

Inafaa, tena ni bora kuliko jagi. Petroli hupanuka ikipata joto, kama asilimia moja kwa kila nyuzi kumi, lakini uzito wake haubadiliki. Mizani ya kuning'iniza ya kidijitali inayosoma gramu 10 inakuonyesha tofauti ya mililita 13 au 14, na hicho ni kipimo safi. Ile ya mshale yenye vistari vya gramu 50 inatosha kwa mwendo wa juu, lakini kwa mwendo wa chini itabidi urefushe muda.

Ila omba ruhusa, na ufute tangi likauke kabisa kabla hujalitundika. Mama anayenunua mbuta akisikia harufu ya petroli kwenye ndoano yake, hutakanyaga hapo tena na mizani yake.

Kwa nini niende na kurudi? Ghuba haina mkondo kama bahari.

Haina maji kupwa na kujaa ya kuhesabika, kweli, lakini upepo upo, na kwenye mlango wa maji kati ya Mbita na Rusinga maji husogea. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kuelekea Kisumu. Wavuvi wa tanga wameishi kwa ratiba hiyo tangu zamani. Ukipima upande mmoja tu, utaisifu injini kwa kazi iliyofanywa na upepo.

Jumlisha kasi mbili, gawa kwa mbili. Wengine hujumlisha muda wa kwenda na kurudi badala ya kasi, na kipimo kinaonyesha boti ni ya polepole kuliko ilivyo, kwa sababu upande wa upinzani unachukua muda mrefu zaidi. Upepo ukianza kutoa povu jeupe juu ya mawimbi, funga daftari urudi.

Sina takometa. Nitajuaje mizunguko?

Kuna takometa ndogo za bei nafuu ambazo waya wake unazungushwa juu ya waya wa plagi. Hazihitaji kutoboa chochote. Lazima uiambie kama injini ni ya stroke mbili au nne na inatoa cheche mara ngapi kwa kila mzunguko, la sivyo itakusomea nusu au mara mbili ya ukweli. Njia ya haraka ya kujua kama imedanganya: injini ya hp 40 iliyofunguliwa yote haiwezi kuwa kwenye 2,600 wala 10,600.

Bila takometa kabisa, weka alama za rangi kwenye kipini cha mafuta na upime kwa alama hizo. Namba za mizunguko hutakuwa nazo, lakini jedwali la "alama ya tatu: km 2.5 kwa lita" ni jedwali halali, na nahodha mwingine akichukua boti yako ataelewa.

Mita ya mafuta inayofungwa kwenye mpira ina thamani ya pesa yake?

Kwa boti ya abiria inayotoka kila siku, ndiyo. Inakuonyesha papo hapo, na unaweza kuona unapoipunguza injini kidogo mahali ambapo namba inakuwa nzuri zaidi. Injini mpya za stroke nne zenye kompyuta huhesabu ulaji wenyewe. Pengine unachohitaji ni kioo cha kuonyesha tu, si mita. Muulize fundi kabla hujanunua.

Kwa stroke mbili za kabureta, ijaribu kwanza dhidi ya mizani kwa njia ile ile ya dakika ishirini, na uandike inazidisha au inapunguza kwa asilimia ngapi. Kwenye mwendo wa chini mafuta hupita kwa mapigo mapigo na kigurudumu cha ndani hudanganyika. Funga chujio kabla ya mita. Uchafu wa madumu huziba kigurudumu mapema. Mwenye injini ya dizeli ya ndani ajue kwamba sehemu ya mafuta hurudi kwenye tangi, kwa hiyo anahitaji vipimo viwili, cha kwenda na cha kurudi.

Injini ni ile ile, lakini hapa haifiki mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu. Kwa nini?

Kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu yake, na msongo wa hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ule wa Mombasa. Hewa pungufu ni nguvu pungufu: injini inapoteza takriban sehemu moja ya kumi kabla hujafunga kamba. Naivasha, iliyo karibu mita 1,880 na ushei, msongo unakaribia asilimia 80, na hasara inakaribia moja ya tano. Hp 40 ya Mombasa ikifika Naivasha hufanya kazi ya hp 32 au 33.

Mambo mawili hufuata. Kabureta iliyowekwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Moshi unazidi, plagi zinakuwa nyeusi. Fundi anayejua ataweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi. Akiipunguza kupita kiasi, injini itachomeka kwa ukavu, kwa hiyo hiyo si kazi ya kujaribia na bisibisi ufuoni. Jambo la pili ni propela. Pichi yake, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu, huwa kubwa mno kwa injini iliyopungukiwa nguvu. Kushusha pichi kwa inchi moja hupandisha mizunguko kama 150 hadi 200. Injini nyingi za stroke mbili za hp 40 zinatakiwa ziwe kati ya 4,500 na 5,500 mafuta yakiwa yamefunguliwa yote; thibitisha kwenye kitabu chako. Ukiwa na mzigo kamili na hazifiki hapo, anza na propela kabla hujaanza kulaumu fundi.

Nitajuaje kama propela inateleza?

Zidisha hivi: mizunguko ya injini gawa kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi ya inchi, zidisha kwa 0.001524. Hiyo ni kasi ya nadharia. Injini ya mfano wetu ikiwa na gia ya 2.0 na propela ya pichi 11, kwenye 4,500 jibu ni 37.7. GPS ilisema 31. Umepoteza asilimia 18, ambayo kwa boti nyepesi inayoteleza vizuri ni hali njema. Kwenye 3,500 nadharia ni 29.3 na GPS ilisema 16, yaani asilimia 45 imekwenda kwenye povu. Hesabu hii inakuonyesha ule mlima wa katikati hata kama hujapima tone la mafuta.

Boti nzito za mbao hupoteza zaidi, na si ugonjwa. Ugonjwa ni pale namba yako mwenyewe inapopanda bila sababu.

Stroke nne inaokoa kweli, au ni maneno ya duka?

Inaokoa, hasa mwendo wa chini na wa kati. Katika stroke mbili ya kabureta, sehemu ya petroli mbichi hutoroka na moshi kabla haijaungua. Ndiyo ile rangi ya upinde wa mvua unayoiona nyuma ya boti ikiwa imesimama. Ukiwa mtu wa kwenda taratibu na wageni saa nzima, utaiona tofauti wiki ya kwanza. Ukiwa mtu wa kufungua yote kwenda visiwani na kurudi, tofauti inapungua, na uzito wa injini na ugumu wa vipuri unaanza kuhesabika. Stroke mbili bado inatengenezeka ufuoni kwa vifaa vya kwenye kikapu. Hilo nalo lina bei yake.

Ninaongeza oili zaidi ili injini idumu. Inaathiri kipimo?

Injini nyingi za stroke mbili zinataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Ukizidisha, plagi zinashika masizi, moshi unaongezeka, na kwa kuwa oili imechukua nafasi ya petroli, mchanganyiko unaoingia unakuwa na petroli pungufu. Fuata kitabu.

Mafuta ya madumu yanaweza kuharibu majibu?

Sana. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge, itoe moshi na kuchoka. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuchanganya, lakini maji na uchafu ni hadithi nyingine. Mimina kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji hukaa chini na mstari unaonekana. Pima kila mara kwa petroli ya kituo kimoja, ununue siku ile ile.

Kipimo cha leo kimeshuka kuliko cha mwezi uliopita. Nianzie wapi?

Anzia chini ya maji. Propela yenye ukingo uliopinda, uzi wa nyavu uliojikunja kwenye shafti, mizizi ya magugu maji, utelezi wa kijani kwenye tumbo la boti: vyote hula petroli kimya kimya. Tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020 kuna mashina na nguzo mahali ambapo zamani palikuwa nchi kavu, na propela nyingi zimekutana nazo.

Kisha uzito. Maji ya ndani ya lita 100 ni kilo 100, abiria mmoja na nusu asiyelipa. Mbao zilizokaa majini muda mrefu nazo hunyonya. Angalia pia mzigo umekaa wapi: magunia ya omena yote yakiwa nyuma, boti haitashusha pua hata ufanye nini. Sogeza watu wawili mbele, tazama GPS. Mara nyingine hayo tu ni kilomita mbili kwa saa zaidi kwa mizunguko ile ile. Pini ya kuweka pembe ya injini ina matundu kadhaa, na wengi wameiacha kwenye lile ililotoka nalo dukani.

Mwisho fungua plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi au oili nyingi. Nyeupe kavu, simamisha boti umwite fundi, maana hapo suala si mafuta tena bali pistoni. Na maji ya kupoza yanayoruka kando yakipungua, zima kwanza; magugu maji hupenda kuziba matundu ya kuvutia maji.

Nikishajua kilomita kwa lita, nibebe kiasi gani?

Theluthi moja ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, theluthi moja ya akiba. Kwa boti ya mfano ikienda kilomita 30 kwa mizunguko 4,500, kwenda na kurudi ni lita 24 na kidogo, kwa hiyo beba 36 na zaidi. Usipunguze akiba eti jedwali limekupa uhakika. Jedwali halijui kwamba mchana upepo utakuja usoni na mawimbi yatakulazimisha ushuke kwenye mwendo ule mbaya wa katikati, wala kwamba magugu yamefunga njia na itabidi uzunguke. Pima mara moja kwa makusudi siku yenye mawimbi ya kawaida ya alasiri, karibu na ufuo, uandike namba hiyo kando. Hiyo ndiyo ya kupangia safari za kurudi.

Wavuvi wa omena tunatoka boti tupu na kurudi imejaa. Tuandike ipi?

Andikeni mbili. Weka mawe au madumu ya maji kwa uzito wa mavuno ya kawaida na urudie kipimo. Mara nyingi mtaona kwamba boti inayopanda juu ya maji ikiwa tupu haiwezi kupanda ikiwa imejaa, na kwamba kurudi kwa nguvu zote ni kuzichoma faida za usiku mzima. Boti iliyoshindwa kupanda irudishwe taratibu, chini ya dari yake ya kasi.

Injini za umeme nazo hupimwa hivi?

Hivi hivi, ila badala ya lita unasoma wati-saa kwa kilomita, na kioo chake kwa kawaida kinakuonyesha chenyewe. Zimeanza kuonekana upande wa Mbita. Ile sheria ya kasi mara tatu huko inauma zaidi, kwa sababu betri haijazwi kwa dumu katikati ya ziwa.

Nirudie kipimo mara ngapi?

Kipimo kizima, kila unapobadilisha propela, kabureta, injini au kazi ya boti. Kati ya hapo, chagua mwendo mmoja tu, ule wako wa kazi, uupime kwa dakika ishirini mara moja kwa mwezi. Kilomita kwa lita zikishuka kwa asilimia 5, huenda ni upepo. Rudia asubuhi nyingine. Zikishuka kwa 10 na zikabaki hapo, itoe boti majini uangalie tumbo na propela kabla bei mpya ya tarehe 14 haijasingiziwa kosa.